Kifua cha McClean ni Chake

Kila Novemba ubishi huu hunifuata. Safari hii ulinikuta kwa kinyozi, nimefunikwa kitambaa mpaka shingoni, mashine inanguruma karibu na sikio. Jamaa aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake alianza: eti huyu James McClean analipwa pauni na Waingereza miaka yote hii, halafu anakataa kuvaa kaua kao kadogo. Si acheze mpira tu, siasa awaachie wenyewe? Watu wakacheka, wakakubali. Sikujibu, maana ukitikisa kichwa kwa kinyozi utajuta. Basi najibu leo.

Tuanze na mpira wenyewe, kwa sababu wengi wanaomtukana hawajui hata anacheza nafasi gani. Ni kiungo wa kushoto, winga wa jadi ambaye umri ulipompata akarudishwa nyuma kama beki. Alitoka Derry City mwaka 2011 akaenda Sunderland. Desemba hiyo hiyo Martin O'Neill akamwingiza kutoka benchi dhidi ya Blackburn, na mashabiki wakampenda papo hapo. Baadaye Wigan, West Brom, Stoke, Wigan tena, kisha Wrexham. Hakuwa fundi wa kutunga mashairi kwa mguu. Alikuwa mtu wa kukimbia na kugombana na kila mpira kana kwamba umemwibia. Ukimwona uwanjani unajua huyu hakulelewa kwenye akademia ya kifahari. Kwa Jamhuri ya Ayalandi alicheza mechi 103, na Oktoba 2017 mjini Cardiff bao lake moja liliitoa Wales na kuipeleka Ayalandi kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. (Huko Denmark iliwachapa 5-1 Dublin, lakini hilo tuliache.)

Sasa ua. Kila Novemba klabu za Uingereza hushona ua jekundu la popi kwenye jezi kuwakumbuka wanajeshi wao. Mwaka 2012, Sunderland wakicheza na Everton, McClean alivaa jezi isiyo na ua. Wee! Matusi, vitisho vya kuuawa, kuzomewa kila uwanja, na haikuwa kwa msimu mmoja bali kwa miaka zaidi ya kumi. Mwaka 2014, akiwa Wigan, alimwandikia barua mwenyekiti wake Dave Whelan na klabu ikaichapisha. Alieleza kwamba kama ua lingekuwa la waliokufa katika vita viwili vya dunia peke yake, angelivaa bila shida. Lakini linawakumbuka pia wanajeshi wa vita vingine vyote, na mmojawapo ulipiganwa mlangoni kwao.

Maana McClean ni mtoto wa Creggan, Derry. Maandamano ya tarehe 30 Januari 1972 yalianzia mtaa huo. Wanajeshi wa miavuli wa Uingereza walifyatua risasi, wakaua raia 13 siku hiyo, na wa 14 akafa baadaye. Uchunguzi wa kwanza uliwaosha wanajeshi. Ilibidi watu wa Derry wangoje hadi Juni 2010, ripoti ya Saville ilipotamka kwamba waliouawa hawakuwa tishio kwa yeyote, ndipo Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Miaka 38! Wakati huo McClean alikuwa na miaka 21, bado anachezea Derry City. Halafu miaka miwili baadaye anaambiwa avae alama ya jeshi lile lile, na akisita aitwe mkosa adabu.

Na wewe ndugu yangu wa kwenye benchi, hebu nikuulize: unamjua Frank Kitson? Alikuja Kenya mwaka 1953 akiwa afisa kijana, akaunda magenge bandia ya kuwawinda wapiganaji wa Mau Mau, akapewa nishani. Mwaka 1970 huyo huyo alipelekwa Belfast kuongoza brigedi ya 39. Kikosi kilichoua Derry kilikuwa cha brigedi hiyo, kimeazimwa kwa siku ile. Sisemi amri ya Derry ilikuwa yake, haikuwa. Nasema ujuzi uliochumwa kwenye misitu yetu ulipanda meli ukaenda kwao. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee wetu 5,228 walioteswa. Ungemvalisha mmoja wao ua lile kifuani, umwambie ni adabu tu?

Hiyo hoja ya kutochanganya mpira na siasa ndiyo inayoniudhi zaidi. Nani aliyechanganya? Aliyeshona ua kwenye jezi, au aliyeomba jezi isiyo na kitu? Mwaka 2016 FIFA yenyewe ilivitoza faini vyama vya England, Scotland, Wales na Ayalandi ya Kaskazini kwa sababu ya ua hilo hilo, ikiliona ni alama ya kisiasa. Kwao ikawa kelele za kuonewa. Na pauni anazolipwa ni za kukimbia upande wa kushoto. Mkataba haununui marehemu wa mtu.

McClean si malaika. Mwaka 2020 aliweka mtandaoni picha amevaa kinyago cha kuficha uso mbele ya watoto wake, akiita somo la historia. Ulikuwa upuzi. Stoke walimkata mshahara wa wiki mbili, akaomba radhi, na alistahili. Lakini waliokuwa wakimzomea walianza miaka minane kabla ya picha hiyo.

Kinyozi wangu yuko Kariakor. Jina hilo ni la Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia na kufa kwa maelfu. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi, ikikiri kwamba Waafrika na wengine, kati ya 116,000 na 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Jamaa alikuwa amekaa kwenye mtaa wao akidai ua livaliwe. Zamu yake ilipofika, akaketi kitini akaagiza anyolewe pembeni tu, juu paachwe.