Vibao Vidogo Katika Somo la Hesabu

Mwalimu wa Hesabu amalizapo kueleza jambo hutugeukia akauliza, "Mmeelewa?" Nasi sote huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Jibu hilo, wasomaji wapenzi, ni la adabu tu, halina habari ndani yake. Katika Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022, na tena wa mwaka 2023, zaidi ya watahiniwa 7 katika kila 10 walishindwa Hesabu. Hapana shaka wengi wao walikuwa wameitikia "Ndiyo" kwa miaka minne.

Kwa maoni yangu dawa ya kwanza haitaki fedha nyingi. Ni kibao: kipande cha mbao nyembamba kilichopakwa rangi nyeusi, ukubwa wake kama daftari kubwa, pamoja na chaki na kitambaa cha kufutia. Mwalimu hutoa swali, kila mtu huandika jibu lake kimya, kisha kwa ishara moja vibao vyote huinuliwa. Kwa kutupa jicho mara moja mwalimu hujua wanafunzi 50 wanawaza nini. Kwa desturi yetu ya kunyosha mikono huwasikia watatu, na ni wale wale watatu wa siku zote.

Muhula huu mwalimu wetu alivijaribu. Alituuliza: gunia la mahindi ni Sh. 50,000, bei ikipanda kwa asilimia 10, kisha ikashuka kwa asilimia 10, itakuwa kiasi gani? Vibao vilipoinuka, zaidi ya nusu vilisema 50,000. Hakumkemea mtu. Alisema kila mmoja amtafute mwenye jibu lisilo lake, wabishane. Darasa likawa kama soko! Jirani yangu, ambaye tangu Kidato cha Kwanza sijapata kumsikia akisema neno katika somo hilo, aliwageukia wawili wa nyuma yetu akawaonyesha kwamba asilimia 10 ya pili hutolewa katika 55,000, wala si katika 50,000. Basi bei ni Sh. 49,500. Walibisha sana, mwisho wakafuta vibao vyao.

Kwa nini alikuwa kimya miaka yote hiyo? Sisi tulisoma Hesabu kwa Kiswahili miaka 7 katika shule ya msingi, kisha tukakutana nayo kwa Kiingereza huku sekondari. Wengi hawanyoshi mkono, si kwa kukosa jibu, bali kwa kuogopa kuchekwa sentensi. Tarakimu haichekwi. Ukiandika 49,500 umeshasema, na mwalimu amekusikia.

Wako wasemao kwamba vibao ni mambo ya watoto wadogo. Mafundi waashi hupima kona ya msingi kwa kamba, 3 kwa 4 kwa 5, wala sijasikia mtu akiwaita watoto. Wengine husema muda hautoshi, maana mtaala ni mrefu. Hoja hiyo ni nzito, nami siipuuzi. Swali lile la mahindi lilikula robo ya kipindi. Lakini tukiufikia mwisho wa mtaala hali wenzetu 7 katika 10 wameachwa njiani, tumemaliza nini? Tena kibao peke yake hakifundishi. Mwalimu akiuliza swali lisilofikirisha, ataona chaki tu.

Sisi wa Kidato cha Nne tunaondoka mwaka huu, na vibao vyetu ni vichache, vya kuazimana. Nawafikiria Kidato cha Pili, ambao nao wana mtihani wao wa taifa. Nyuma ya karakana viko vipande vingi vya mbao za dari vilivyobaki bweni lilipotengenezwa, na mvua inaviharibu. Namwomba Mkuu wa Shule aturuhusu kuvikata Jumamosi mbili, wakati wa kazi za mikono. Misumeno tunayo. Kitu cha kununua ni kopo moja la rangi nyeusi.