Kitambaa cha Mezani na Kasumba ya Twiga

Yako maneno yanayorudiwa kila panapozungumzwa sanaa za mikono katika nchi yetu, nayo ni haya: kwamba kitambaa kilichopigwa chapa ya mistari, madoa na maumbo yasiyofanana na kitu chochote kijulikanacho si kazi ya Mwafrika, bali ni kuwaiga watu wa Ulaya. Maneno hayo hutupwa zaidi kwa mafundi wa batiki, hasa akina mama, wanaotengeneza kwa mikono yao vitambaa vidogo vya mezani, vile ambavyo mlaji huviweka mapajani akafutia vidole na midomo. Fundi akileta kitambaa chenye twiga, mbuyu, au Mmasai na mkuki wake, husifiwa kuwa amedumisha utamaduni. Akileta chenye maumbo matupu huulizwa: "Hii ni picha ya nini?" Sisi twashikilia kwamba kilicho kigeni hapo ni swali lenyewe.

Tuanze na kisutu. Khanga hiyo, pamoja na rangi zake tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, imejaa madoa na vijimsalaba vilivyopangwa kwa safu, na kwa desturi haina picha ya kiumbe. Ndiyo nguo ya bibi harusi wa pwani. Je, ndugu msomaji, umepata kumsikia somo akimwuliza mwari wake kisutu ni picha ya nini? Hakiulizwi, kwa sababu kila mtu akijua mahali pake: siku yake, mvaaji wake na heshima yake. Maana ya nakshi imo katika matumizi yake na katika mpangilio wake, wala haihitaji kuazima sura ya mnyama ili ieleweke.

Kadhalika mkeka. Ukindu huchanwa, hutiwa rangi, husukwa kili, na kili hushonwa moja baada ya moja mpaka mkeka utimie. Msukaji huhesabu miyaa kwa vidole, hurusha mmoja na kushika miwili, na kwa hesabu hiyo huzaa pembe, mawimbi na visanduku. Akikosea unyaya mmoja, safu nzima hupotoka. Nani atathubutu kusema kwamba mama huyo amejifunza hayo kwa wachoraji wa Paris? Tazama pia zidaka za nyumba za kale za Lamu, ambamo chokaa imechongwa maua yasiyoota katika shamba lolote. Tazama miamba ya Kolo kule Kondoa, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006: pamoja na wanyama na watu, mna duara na mistari ambayo haikumsubiri mtu yeyote kuifafanua. Nao wachongaji wa Kimakonde wanao mtindo wanaouita mawingu, ambamo mpingo hupindwa na kutobolewa mpaka macho yakose pa kushika. Huo wote ni usanii wa dhahania, na wenyewe wameuita kwa majina yao.

Wako watakaosema: haya, nakshi ni yetu, lakini kitambaa cha mezani ni adabu ya Mzungu, sisi tunanawa. Hoja hiyo ni nyepesi. Aliyenawa kwa birika huhitaji pia kujifuta. Tena neno leso limetoka kwa Wareno, na husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita zikawa vazi moja, na huo ukawa mwanzo wa khanga. Mpaka leo Mombasa na Lamu khanga huitwa leso. Basi hicho kitambaa kidogo cha pembe nne kinachodharauliwa ni bibi yake khanga.

Twiga ametoka wapi, basi? Ametoka katika soko la ukumbusho, ambako mnunuzi mwenye siku chache hutaka kitu cha kumthibitishia kwamba alifika Afrika. Hatumshtaki Edward Saidi Tingatinga, ambaye kuanzia mwaka 1968 hadi kifo chake mwaka 1972 alichora wanyama wake kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za pembe nne jijini Dar es Salaam. Wanyama wale walikuwa wake, na ni wa ajabu. Ugomvi wetu ni na wale wanaomgeuza mnyama kuwa cheti cha uraia, hata fundi asiyekuwa naye aonekane mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Na kazi yenyewe si ya mzaha. Pamba hufuliwa kwanza ili kutoa wanga. Nta huyeyushwa juu ya jiko la mkaa. Fundi huchovya ndani yake muhuri alioukata mwenyewe kwa godoro na kuugandisha kwenye kibao, akaupiga juu ya nguo haraka kabla nta haijaganda. Nguo huingizwa katika rangi iliyochanganywa na kostiki soda, huanikwa hewani rangi ikomae, hupigwa nta tena, hutiwa rangi ya pili, na mwisho huchemshwa nta yote itoke. Nta iliyokauka hupasuka, na rangi hupenya katika nyufa na kuacha mishipa myembamba kama nywele. Hakuna vitambaa viwili vyenye mishipa sawa. Waholanzi walipojaribu kuiga batiki ya Java kwa mashine, kama walivyofanya katika kiwanda cha Helmond kilichoanzishwa mwaka 1846, nyufa hizo zikawafuata. Na wanunuzi wa Afrika Magharibi wakazipenda. Leo nguo zinazotoka ng'ambo kwa shehena huchapishwa nyufa za uongo, pale ambapo nta haijagusa kamwe. Alama ya mkono wa fundi imekuwa pambo la mashine, naye fundi amebaki sokoni akiambiwa bei yake ni kubwa!

Ingia katika kumbi nyingi za mikutano na hoteli zetu utazame mezani. Utakuta karatasi inayotupwa baada ya tonge la kwanza, au polista yenye picha ya simba. Polista hainyonyi maji. Mchuzi wa nazi huusogeza tu kutoka kidole hiki kwenda kile. Nchi hii hulima pamba Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa ya nyuzi zake huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Iwapo taifa liliweza kuachana na mfuko wa plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, haiwashindi wenye kumbi kuachana na karatasi ya kufutia midomo.

Lakini mafundi nao wasidhani tunawatetea bila masharti. Kitambaa kinachomtia mgeni rangi ya zambarau mdomoni ni aibu, na uchoyo wa maji ya kusuuzia ndio unaoileta. Kisuuzwe mpaka maji yatoke meupe. Tena mihuri inanakiliwa mno. Duara la fundi wa kwanza hulikuta kwa fundi wa kumi. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, imefundisha wengi kutia rangi. Sasa wafundishwe pia kuchora, na kila fundi aandike jina lake ukingoni, kwani Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haiwezi kumsaidia asiyejulikana.

Hesabu ni rahisi. Mita moja ya pamba yenye upana wa mita moja na nusu hutoa vitambaa 6 vya nusu mita kila upande. Ukumbi wa wageni 200 wahitaji mita 34, na vitambaa hivyo vitafuliwa na kurudi mezani mara nyingi. Wizara, halmashauri na mashirika ya umma yanaweza kuagiza kiasi hicho kwa mafundi wa wilaya zao. Na zabuni itakapoandikwa, itaje aina ya pamba, vipimo, na rangi isiyochuja. Michoro aachiwe fundi.