TAWAKKUL SI KUKAA BILA AKIBA

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Kuna neno limezoeleka vijiweni, kuanzia mwaloni Kirumba mpaka Igombe na Kayenze: "Sheikh, uzee wangu namwachia Allah." Linasikika kama imani. Mara nyingi ni uzembe uliovishwa kanzu.

Mvuvi wa dagaa anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka, taa zake hazivuti kitu. Haimjii ghafla; inakuja kila mwezi na siku zake anazihesabu. Sasa yule anayekula yote ya siku za giza, mbalamwezi ikiingia anaanza kukopa unga dukani, tumwite mwenye tawakkul? Uzee ni mbalamwezi ambayo haina giza la kukurudisha ziwani. Jiandae!

Nabii Yusuf (a.s.) aliwaongoza watu kuweka akiba miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida. Mtume wetu (s.a.w.) aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka mzima, hilo limo katika Bukhari na Muslim. Wewe una tawakkul kuliko wao?

Wengine wanasema: "Watoto ndio pensheni yangu." Ndugu yangu, kumtunza mzazi ni wajibu wa mtoto, na anayemtelekeza ataulizwa. Lakini huo ni wajibu wake, si mpango wako. Kijana wako wa bodaboda pale Nyakato ana kodi ya chumba, ana mke, ana ada za shule. Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua akataka kutoa mali yake nyingi, Mtume (s.a.w.) alimwekea mpaka wa theluthi, akamfundisha kuwa warithi kubaki na kitu ni bora kuliko kubaki wakiomba watu. Sisi tunawaachia watoto madeni, halafu tunawadai matunzo!

Nchi nzima tumebishana kuhusu kikokotoo: mkupuo wa asilimia 33 mwaka 2022, kisha 2024 ukapandishwa kuwa 40 kwa baadhi ya watumishi na 35 kwa wengine. Mjadala wa haki. Ila mama muuza dagaa na baba wa mtumbwi hawamo kwenye kikokotoo chochote. Asilimia yao ni sifuri, na hakuna anayewapigia kelele. NSSF inapokea hata aliyejiajiri; ni wangapi wetu tumewahi hata kwenda kuuliza?

Utasikia: "Benki zina riba." Kuogopa riba ni dini, Allah akuzidishie. Lakini Amana Bank inaendeshwa kwa misingi ya Kiislamu tangu 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha yasiyo na riba. Ajabu ni kwamba huyo huyo anayekimbia benki kwa sababu ya riba ndiye anayekopa kausha damu, anapokonywa televisheni na godoro! Hiyo si riba?

Na wewe mstaafu uliyepokea mkupuo wako: watakuja na ahadi ya kupanda leo na kuvuna mara mbili kesho. Tuliiona DECI, iliyofungwa mwaka 2009, watu wakabaki na karatasi mikononi. Faida isiyo na biashara inayoonekana, ikimbie. Usijenge ghorofa la kuonyesha watu, na usioe kwa pupa kwa sababu akaunti imenona. Fedha hiyo ni chakula chako cha miaka iliyobaki, na ni haki ya mke aliyeila shida pamoja nawe.

Fanya haya wiki hii:
1. Tenga kiasi, hata kidogo, kila unapouza.
2. Andika madeni yako yote, unayodai na unayodaiwa.
3. Mwambie mkeo akiba iko wapi.
4. Andika wasia, usivuke theluthi.

Tusisubiri kuwachangia wazee wetu mlangoni baada ya Ijumaa, kisha tuseme ni qadar. Funga ngamia wako kwanza.

Allah atulinde na udhalili wa kuomba, atupe riziki ya halali na uzee wenye heshima. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq. Mfikishie na mwenzako.