Tusicheke Kazi ya Sabuni

Ndugu wanafunzi, juzi niliuliza darasani nani angependa kufanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Sabuni ni mafuta na kostiki soda. Soda ikizidi, huchubua ngozi. Ikipungua, mafuta hubaki. Ajuaye kupima ndiye fundi, na kipimo hicho kimo katika kemia tunayoikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, ikifundisha useremala, ujenzi na umakanika. Basi tukidharau ufundi, viwanda vya Kampala vitatafuta mafundi kwingine, nasi tutazunguka mjini na vyeti mkononi. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio viwandani, tukaribisheni tuje tuone.