Chuma kinachoua bakteria: kimefika wapi, na mgonjwa wa leo afanye nini?

Mtu akivunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na mfupa ukatoboa ngozi, hofu ya daktari si mfupa peke yake. Mfupa huunga. Kinachomtisha ni bakteria walioingia pamoja na udongo wa barabarani, hasa kama mgonjwa atawekewa chuma ndani ya mguu.

Chuma hakipitishi damu, na kinga ya mwili husafiri kwa damu. Bakteria wakitua juu ya chuma wanazaliana na kujifunika utando wa ute, mfano wa ule utelezi ndani ya pipa la maji lisilosuguliwa. Utando ukikomaa, antibiotiki hupata shida kubwa kuwafikia. Ndiyo maana kuna wagonjwa ambao kidonda kinafunga, kinatunga usaha, kinafunga tena, mwisho wanapasuliwa upya chuma kitolewe. Wakati huo shamba limekaa msimu mzima bila mtu.

Mwaka 1987 daktari Mmarekani, Anthony Gristina, alilifananisha jambo hili na mashindano ya mbio: seli za mwili na bakteria wote wanakimbilia chuma hichohicho, na anayetangulia ndiye anayekaa.

Watafiti sasa wanataka chuma chenyewe kiwe kibaya kwa bakteria. Mwaka 2012 Elena Ivanova na wenzake nchini Australia walieleza kwamba bawa la nyenje, yule mdudu anayepiga kelele mitini wakati wa joto, huua bakteria bila dawa yoyote. Bawa hilo limejaa vijiti vyenye urefu wa nanomita 200 hivi. Gawanya milimita moja mara milioni moja, kipande kimoja ndicho nanomita. Bakteria akitua, ganda lake linavutika juu ya vijiti hadi linapasuka. Jambo hili linavutia, maana usugu wa dawa unaua: mwaka 2019 pekee bakteria sugu walikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Lakini kuna jambo ambalo habari za kusisimua hulipita haraka. Bawa la nyenje lilishindwa kumuua Staphylococcus aureus, ambaye ndiye kinara wa maambukizi ya mifupa. Ganda lake ni nene. Bawa la kereng'ende lilifanya vizuri zaidi, na tangu hapo maabara nyingi zimeotesha miiba ya aina hiyo juu ya titani, madini yanayotumika kutengeneza vyuma vya mifupa. Ndani ya mwili mambo ni magumu zaidi: damu huifunika miiba, mizoga ya bakteria hubaki juu yake, na chuma kinachogongwa kwa nyundo kuingia kwenye mfupa kinaweza kuivunja. Vyuma vilivyopakwa fedha, yale madini ya kutengenezea mapambo, au vilivyopakwa dawa ya jentamaisini, vimeshatumika kwa wagonjwa Ulaya, lakini bei yake ni ya Ulaya.

Kwa maoni yetu, kwa hospitali zetu njia ya karibu ni ile rahisi. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, madaktari wamefanya utafiti wa awali wa kuweka jentamaisini moja kwa moja kwenye kidonda cha mfupa wa muundi uliotoboa ngozi. Wazo ni lilelile la kumtangulia bakteria, ila kwa dawa ya bei nafuu iliyozoeleka hospitalini.

Kwa aliyevunjika mfupa ukaonekana nje, saa za mwanzo ndizo zenye uzito. Funika kidonda kwa kitambaa safi, usipake majani wala mafuta, mwahishe hospitali apewe antibiotiki mapema na kidonda kioshwe vizuri.

Na kama tayari una chuma mwilini, kisha kidonda kikaanza kutoa maji au usaha, kikawa chekundu na cha moto, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, rudi hospitali ulikofanyiwa upasuaji. Usianze kununua antibiotiki dukani. Dozi hizo hukausha usaha kwa siku chache tu, na daktari akichukua kipimo, maabara inaweza kushindwa kumwotesha bakteria ili ijue ni dawa gani inamuua.