Tusizike Telefoni ya Kukunja Ingali Hai



Juma lililopita mmoja wetu alitoa telefoni yake mfukoni wakati wa mapumziko, akaikunjua. Ni telefoni ya zamani, ya butoni, ile ya kukunja. Mama yake alimwachia. Wenzake wakaanza kucheka: "Eh ndugu, iyi kintu ingali inaita? Ni ya wakati ya bankambo!" Naye akacheka pamoja nao. Lakini kesho yake hakucheka tena. Mazoezi ya hesabu yalikuwa yamewekwa ku WhatsApp ya darasa, yeye hakuyaona, akapata ziro. Sisi tunaoandika hapa tuko watatu, na wawili kati yetu tuko na telefoni za namna ile. Basi tunataka kutoa mawazo yetu, bila kumchukiza mtu.

Kwanza, wengi wanadhani telefoni hii haina aplikasio. Si kweli. Nyingi za miaka ya 2000 zinatumia programu za Java. Faili yake inaishia na herufi JAR, na mara nyingi uzito wake haufiki hata mega moja. Ndiyo maana yaya zetu walipashana michezo kwa Bluetooth bila kulipa hata franka. Opera Mini, iliyotolewa kwa ulimwengu wote katika mwaka wa 2006, inaonyesha akili ya wakati ule: haifanyi kazi yote ndani ya telefoni. Mashine kubwa za mbali zinafungua ukurasa, zinaupunguza, kiisha zinautuma ukiwa mdogo. Kuna na zingine mpya kidogo, kama Nokia 2720 Flip ya mwaka wa 2019, inayotumia KaiOS. Ile iko na mega 512 za kuendeshea kazi, na giga 4 za kuwekea vitu. Ni chumba kidogo, lakini ni chumba.

Mwenye chumba kidogo haingizi viti kumi. Haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Ukimaliza na aplikasio, itoke kabisa. Usikunje telefoni tu ukaenda. Mara ingine aplikasio inabaki wazi chini ya kifuniko, inakula batri na mega bila wewe kujua.

2. Kila mwisho wa mwezi fungua orodha ya aplikasio, uulize kila moja: "Nilikutumia lini?" Ile isiyo na jibu, iondoe. Lakini mbele ya kuondoa, peleka picha na maandishi yako ku karte ya memoari, usije ukalia kiisha.

3. Programu ya Java ikitaka kutoka ku rezo, mara nyingi inakuuliza ruhusa kwanza. Usijibu "ndiyo" bila kusoma. Inite ni za wazazi.

4. Usipokee faili ya mtu usiyemjua, hata akikuambia ni mchezo mzuri.

Sasa mtu atasema: "Byote ni bizuri, lakini WhatsApp inakatala." Ni kweli. WhatsApp iliacha Nokia za S40 mwisho wa mwaka wa 2018. Ku KaiOS, tangu mwezi wa Juni 2024 haikupatikana tena kwa mwenye kutaka kuiweka, na wale waliokuwa nayo walitangaziwa kwamba itaisha mwanzoni mwa mwaka wa 2025. Lakini tazameni vizuri: telefoni yenyewe haikuharibika. Butoni ni nzima, sauti ni nzima, na umeme ukikatika siku mbili batri yake ingali inasimama. Ni mlango uliofungwa, tena kwa upande wa mbali, na watu ambao pengine hawajui hata Katuba iko wapi.

Kumbe kinachoua telefoni hii si uzee. Ni desturi yetu ya kutia kila jambo ndani ya aplikasio moja.

Tutazame upande wa makuta. M-Pesa ilifika katika inchi yetu mwaka wa 2012. Mama anayeuza unga ku soko ya Kenya anapokea franka zake kwa kuandika nyota na namba tu. Haombwi kuweka aplikasio yoyote. Maneno ya kuchagua yanatoka ku rezo yenyewe, na kila telefoni inaweza kuyaonyesha, ya bei kubwa na ya bei ndogo. Wale walioipanga walimfikiri mtu wa mwisho. Kama makuta yanaweza kumfikia mtu wa mwisho, juu ya nini mazoezi ya hesabu yasimfikie? Ujumbe mmoja wa SMS unabeba herufi 160. "Hesabu, uk. 45, zoezi 1 mpaka 6, kesho": hiyo haifiki hata herufi 40!

Walimu wetu watasema WhatsApp inabeba picha na sauti, tena inawarahisishia kazi. Tunakubali. Hatuombi iondolewe. Tunaomba mambo matatu tu. Mazoezi yaandikwe ku ubao mbele ya kengele ya mwisho. Mkubwa wa darasa awatumie SMS wale wasio na WhatsApp, na sisi wote tuchange inite zake kidogo kidogo. Na mtu asipoteze alama juu ya ujumbe ambao haukuweza kumfikia.

Na ninyi wenzetu mnaocheka, kumbukeni kwamba kobalti ya batri nyingi za ulimwengu inatoka ku udongo wetu, upande wa Kolwezi. Inchi inayotoa kobalti isichekelee telefoni ambayo ingali inafanya kazi.

Tunamaliza na mfano wa talanta, Matayo 25. Mtumwa mmoja alipewa tano, mwingine mbili, mwingine moja. Yule wa moja alichimba udongo akaificha. Sisi wenye telefoni ndogo tusifanye kama yeye: tuipange, tuisafishe, tuitumikishe. Lakini katika mfano ule bwana alimwuliza kila mtumwa hesabu ya kile alichompa yeye, siyo ya kile alichompa mwenzake. Na sisi tunaomba tuulizwe vile vile.