Mwekezaji Karibu, Lakini Kaunta Tuachie Sisi

Leo sina ofa wala picha ya mzigo mpya. Nina jambo limenikaa moyoni na nadhani linatuhusu wote tunaouza kwa simu na vifremu vya mtaani. Ni ndefu kidogo, soma hata ukiwa unasubiri boda.

Kwanza mnijue. Nina miaka 26, nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunza kwa kuibiwa na kukosea. Nauza vyombo vya jikoni Mbagala: chupa za chai, hotpoti, sufuria, vikaango. Nilianza 2021 na mtaji wa laki na elfu themanini. Mzigo wangu wa kwanza niliununua Kariakoo kwa mfanyabiashara wa kigeni, na nasema wazi, yule mtu alinisaidia. Bei yake ya jumla ilikuwa chini kuliko ya wote pale mtaani. Chupa ya chai alinipa elfu tisa na mia tano, mimi naiweka status elfu kumi na nne, natoa nauli, nabaki na kitu. Bila yeye nisingefika hapa.

Wakati ule alikuwa anauza kwa katoni tu. Ukitaka moja moja, anakwambia nenda kwa wenzako wa rejareja. Kila mtu na nafasi yake.

Mwaka 2024 mambo yakageuka. Asubuhi moja mteja wangu wa siku zote akanitumia picha WhatsApp. Chupa ile ile, rangi ile ile, imewekwa kwenye ukurasa wa Instagram: elfu kumi, moja moja, na unaletewa mpaka mlangoni bure. Chini akaandika, "Dada angu, mbona wewe elfu kumi na nne?" Nikaangalia namba ya simu kwenye ukurasa. Ilikuwa ya stoo ile ile ninayochukulia mzigo.

Sasa hapo unamjibu nini mteja?

Niliumia, ila sikumtukana mtu. Yeye ni mfanyabiashara kama mimi, kaona njia fupi ya kumfikia mteja kapita. Swali nililojiuliza ni jingine kabisa: huyu mtu aliingia nchini kama nani, na serikali ilimkaribisha aje kufanya nini?

Nikaanza kusoma. Si chuoni, ni humu humu kwenye simu.

Nilichogundua ni kwamba nchi yetu ina mlango mkubwa kwa ajili ya mwekezaji. Zamani ofisi yake iliitwa TIC. Mwaka 2025 iliunganishwa na EPZA, ile ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, ikazaliwa TISEZA. Mwekezaji akifika pale anakuta watu wa kodi, uhamiaji, kazi na ardhi chini ya paa moja. Kwa sheria ya uwekezaji ya 2022, mgeni mwenye mtaji wa kuanzia dola 500,000 aliweza kupata cheti kilichompa vivutio, kama vile nafuu ya ushuru kwenye mitambo aliyoingiza. Kiwanda cha EPZ kinachouza nje sehemu kubwa ya bidhaa zake kiliwekewa msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya mwanzo.

Na Mtanzania je? Naye aliruhusiwa, tena kiwango chake kwenye sheria hiyo kilikuwa chini: dola 50,000. Ni nafuu kweli, lakini piga hesabu. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 100. Kati yetu humu nani anayo?

Msinielewe vibaya. Sipingi serikali kumsaidia mwekezaji wa nje. Kila nchi inafanya hivyo. Mtu akileta mitambo ya kutengeneza sufuria hapa hapa nchini, akaajiri vijana mia mbili, akanunua umeme na usafiri wetu, mpe nafuu. Mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kwenda getini kuchukua katoni zake. Kiwanda kinanipa mimi mzigo wa karibu, kinampa mdogo wangu ajira.

Tatizo ni pale mtu anapoingia kwa jina la uwekezaji, kisha unamkuta nyuma ya kaunta anauza kikaango kimoja kimoja. Hapo kaleta nini ambacho mimi na wewe tulikuwa hatukiwezi? Kuuza kikaango tunaweza. Kupiga picha tunaweza. Kumbembeleza mteja hadi alipie kwa lipa namba ndiyo usiseme.

Wachina wenyewe walianza hivyo hivyo. Mwaka 1980 walifungua eneo maalumu la Shenzhen wakakaribisha viwanda vya wageni. Lakini maduka ya rejareja hawakumwachia mgeni haraka hivyo. Walianza kumruhusu kwa majaribio mwaka 1992, kwenye miji michache, tena kwa ubia na mwenyeji. Mlango wa rejareja ulikuja kufunguka hasa mwishoni mwa 2004. Yaani kati ya kufungua kiwanda na kufungua kaunta walipita zaidi ya miaka 20, na wafanyabiashara wao wakapata muda wa kukua. India nao, walipokubali mwaka 2012 makampuni ya nje yaingie kwenye maduka makubwa ya bidhaa mchanganyiko, waliweka masharti, mojawapo ni kununua asilimia 30 ya bidhaa kutoka kwa viwanda vidogo vya India. Hawakumfukuza mgeni. Walimwambia karibu, lakini ukiingia unatubeba na sisi.

Kwetu hatua imechukuliwa pia, tusiwe watu wa kulalamika tu. Tarehe 28 Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati ule, Selemani Jafo, alitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Nataja zinazotugusa: biashara ya jumla na rejareja ukiacha supamaketi na vituo maalumu vya jumla, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hotelini au za utalii, kupeleka vifurushi ndani ya nchi, na viwanda vidogo. Wenye leseni waliambiwa waendelee mpaka ziishe muda. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, kikazinduliwa kituo kikubwa cha biashara pale ilipokuwa stendi ya mabasi Ubungo, kimejengwa na mwekezaji kutoka China, kina maduka zaidi ya 2,000.

Mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, kama jengo ni la mwekezaji na kaunta ni za wenyeji. Hilo ndilo la kulisimamia.

Ila amri peke yake haimalizi kazi. Nitawaambia kwa nini, kwa yaliyonikuta.

Wiki chache baada ya amri, kijana anayefanya kazi kwenye ile stoo alinipigia. "Dada, bosi anatafuta Mtanzania mwaminifu aandike jina lake kwenye leseni. Laki tatu kila mwezi. Wewe kazi yako kusaini tu, duka hata huji."

Laki tatu! Kodi ya fremu yangu ni laki na nusu. Sikulala. Nilishaanza kuipangia ile hela kichwani: kulipia fremu, ada ya mdogo wangu, kuongeza katoni tano. Asubuhi nikampigia mjomba wangu, aliwahi kuwa karani wa mizigo bandarini miaka mingi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili tu. "Mwanangu, TIN itakuwa ya nani? Deni la kodi likija, watagonga mlango wa nani?"

Nikanyamaza. Nilijua jibu.

Na bado hatujagusa amri yenyewe. Mgeni akikamatwa, faini yake haipungui milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na anafutiwa visa na kibali. Mtanzania aliyemsaidia faini ni milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 3. Sasa piga hesabu ya duka: laki tatu mara miezi 12 ni milioni 3 na laki sita. Mwaka mzima wa kukodisha jina haufikii hata faini ya siku moja.

Nilikataa. Mwenzangu mmoja mtaani alikubali. Leseni, mkataba wa fremu, TIN, vyote jina lake. Siku hizi simu ya namba ngeni ikiita, haipokei.

Na nimalizie ukweli wote, maana ukurasa huu hatudanganyani. Baada ya pale nilihama, nikaanza kuchukua mzigo kwa Mtanzania mwenzetu. Chupa ile ile ananipa elfu kumi na moja na mia tano. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mgeni akitoka tu wewe unatajirika. Mgeni alikuwa na bei nzuri kwa sababu ana mtaji mkubwa, anamjua mwenye kiwanda, anajaza kontena peke yake. Tukibaki na kaunta lakini hatuna mzigo wa bei nzuri, mteja ndiye ataumia, na mteja akiumia atatukimbia.

Tena kuna majirani. Wakenya walilalamika kuhusu amri hii, wakasema sisi sote tuko Afrika Mashariki na tuna makubaliano ya soko la pamoja tangu 2010. Mimi naona wana hoja. Kuna wenzetu wanauza Nairobi na Kampala kwa mtandao kila siku. Ukimfungia jirani, ujue kuna siku utabisha kwake. Jirani mwenye mtaji kama wangu si sawa na kampuni inayoshusha makontena, na sheria inapaswa iwatofautishe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Msaada wa serikali kwa kampuni ya nje ufuate kile kampuni inacholeta. Ukileta kiwanda, pata nafuu. Ukileta ujuzi na ukafundisha watu, pata nafuu. Ukileta kaunta tu, nafuu ya nini?

Pili, wakaguzi wasiishie Kariakoo. Waangalie na kurasa za mtandaoni. Duka la mtaani lina leseni ukutani, afisa akipita anaiona. Ukurasa unaouzia stoo kwa namba ya simu ya kijana wa kuajiriwa nani anauona? TRA inatutaka sisi wauza mtandaoni tuwe na TIN, sawa kabisa. Basi kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Tatu, ule mlango mmoja alionao mwekezaji, na sisi tunauhitaji. Mimi kupata TIN, jina la biashara BRELA na leseni ya halmashauri nilizunguka wiki mbili huku fremu imefungwa. Mwenye dola laki tano anapokelewa na ofisi zote chini ya paa moja, mwenye laki tano ya shilingi anazungushwa. Wekeni dawati moja kila halmashauri, tutashukuru.

Wakati tunaisubiri serikali, na sisi tuna kazi ya kufanya:

1. USIKODISHE JINA LAKO. Si kwa mgeni, si kwa mtu yeyote. Jina lako ndio mtaji wa mwisho utakaobaki nao.

2. Jirasimishe. TIN haiuzwi, ni bure. Mauzo yako yasipozidi milioni 4 kwa mwaka, hutozwi kodi ya mapato. Watu wengi wanaogopa kitu ambacho hawajakiuliza.

3. Ungeni vikundi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako umuulize.

4. Nunueni pamoja. Sisi watano wa Mbagala tumeanza kuchanga na kuagiza mzigo mmoja. Mara ya kwanza chupa ya chai ilinifikia kwa elfu tisa na mia nane. Bado haijafika ya yule mgeni, ila tunaikaribia, na hakuna aliyesaini karatasi ya mtu.

5. Shindana kwa kile ambacho stoo haiwezi. Yule mteja aliyenitumia picha alirudi kwangu. Ile chupa ya elfu kumi ilivuja, akapiga simu haikupokelewa. Mimi ya kwangu ikivuja anakuja mpaka dukani nambadilishia, tunacheka, ananunua na kijiko.

Yule kijana wa stoo alinipigia tena mwezi uliopita. Safari hii alitaka kujiunga na kikundi chetu, aanze biashara yake. Tumemwambia aje na mchango wake, na kitambulisho chake mwenyewe.

Wewe umeshawahi kuombwa jina lako? Ulifanyaje? Andika hapo chini, kuna mdogo wetu mahali anapigiwa simu hiyo leo.